Kusafiri nje ya nchi wakati wa janga la ugonjwa: gharama ambazo tiketi haikuonyeshi

Machi 2021, baba, mama na mtoto wa miaka 7 wenye ukaazi wa Uingereza waliokuwa wakirudi London kutoka Dar es Salaam walitakiwa kulipia karantini ya hoteli pauni 2,725 kabla ya kupanda ndege: 1,750 za mtu mzima wa kwanza, 650 za wa pili, 325 za mtoto. Nauli ilikuwa kando. Tarehe 12 Agosti mwaka huohuo bei ikapandishwa. Mtu mzima wa kwanza akawa 2,285, wa pili 1,430, mtoto akabaki palepale. Familia ileile, siku zilezile 10, pauni 4,040. Aliyekutwa na virusi akiwa humo ndani aliongezewa siku, na kila siku ya nyongeza ilikuwa pauni 152.

Bei hiyo angalau ilitangazwa, mtu akaamua kusuka au kunyoa. Zinazomaliza mfuko ni zile zinazochungulia mojamoja baada ya kulipa nauli: kipimo kilichokwisha muda kwa sababu ndege imechelewa, viza iliyofia kwenye pasipoti, vocha badala ya fedha, hoteli ya siku tano katika mji uliotaka tu kubadilishia ndege.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023, lakini zana zilizotumika hazikutupwa. Oktoba 2022, Ebola ilipokuwa Uganda, Marekani iliagiza kila aliyekuwa Uganda ndani ya siku 21 atue katika viwanja vitano tu: JFK, Newark, Dulles, Atlanta na O'Hare. Mwenye tiketi ya kutua kwingine alibadilishiwa njia. Mwaka 2024 Marburg ilipozuka Rwanda, mtindo ukawa uleule. Kwa hiyo mwongozo huu unachukua mifano mingi kutoka 2020 hadi 2022, ila umeandikwa kwa ajili ya mlipuko ujao na msafiri wa Afrika Mashariki.

Hatua ya 1: Orodhesha nchi nne, si mbili

Chora safu nne kwenye karatasi: unakotoka, unakopitia, unakokwenda, na unakorudi. Safu ya nne ndiyo husahaulika, kwa sababu mtu hudhani nyumbani hakuna masharti. Tanzania kuanzia Mei 2021 ilidai cheti cha PCR (kipimo cha maabara cha kutafuta virusi) cha ndani ya saa 72, ikaongeza kipimo cha haraka mtu akishuka: kwa muda mrefu ada ilikuwa dola 10 bara na dola 25 Zanzibar. Juu ya hapo kulikuwa na fomu ya afya ya kujaza mtandaoni ndani ya saa 24 kabla ya kufika, bara ikiwa na tovuti yake na Zanzibar yake. Aliyepitia Dar kwenda Unguja alipaswa kuhakikisha amejaza inayomhusu.

Kwa kila nchi jibu maswali matatu, maana masharti hufungwa kwenye vitu vitatu tofauti:

Pasipoti yako ni ya nchi gani, na una ukaazi wapi? Nchi nyingi zilipofunga mipaka ziliacha mlango kwa raia na wakaazi wao peke yao.

Umekuwa wapi siku zilizopita? Uingereza ilihesabu siku 10, nchi nyingine 14, na kwa Ebola na Marburg huhesabiwa 21 kwa sababu ndio urefu wa kipindi ambacho dalili zinaweza kuchelewa kutokea. Hapa haijalishi wewe ni raia wa wapi. Mkenya aliyetoka Nairobi na Mjerumani aliyetoka Nairobi wako foleni moja.

Umechanjwa nini, lini, na cheti kimetolewa na nani?

Safu ya kupitia inahitaji uangalifu wa ziada. Kubadilisha ndege bila kutoka eneo la ndani la uwanja ni jambo moja. Kulazimika kutoka, kuchukua mzigo na kuingia upya ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hapo umeingia nchini na masharti yote ya kuingia yanakuhusu, viza ikiwamo. Hata bila kutoka, Mtanzania, Mkenya au Mganda anayepitia viwanja vya Uingereza kwa kawaida huhitaji viza ya kupitia, labda awe na msamaha kama viza halali ya Marekani. Mkongo wa DRC huhitaji viza ya kupitia viwanja vya nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja). Na kukaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye homa ya manjano kunaweza kukufanya udaiwe kadi ya njano (cheti cha chanjo ya homa hiyo) unakokwenda, hata kama hukunusa hewa ya nje.

Ujanja wa "kupumzika" nchi ya tatu upo na unaruhusiwa: mwaka 2021 watu wengi waliotaka kuingia Saudia kutoka nchi zilizozuiwa walikaa siku 14 kwingine kwanza. Mahesabu yake ni usiku 14 wa hoteli, chakula, viza ya nchi hiyo, kipimo kingine, na hatari kwamba nchi hiyo ya tatu nayo itaingizwa kwenye orodha ukiwa katikati ya siku zako. Wengi huhesabu hoteli peke yake.

Wanaokwenda kwa barabara wasijione wamepona. Mei 2020 malori yalijazana Namanga na Malaba yakisubiri majibu ya vipimo vya madereva. Abiria wa basi anayevuka mpaka wakati wa mlipuko abebe cheti cha karatasi, fedha za nchi zote mbili, na awe na mahali pa kulala upande anaotoka, kwa sababu basi halimsubiri aliyezuiwa.

Masharti yasomwe wapi

Anza na tovuti ya wizara ya afya na ya uhamiaji ya unakokwenda. Fuatisha ukurasa wa masharti wa shirika la ndege. Makundi ya WhatsApp na maelezo ya wakala wa tiketi yaje mwisho, na yawe ya kukukumbusha cha kutafuta tu.

Mhudumu wa kaunta hasomi karatasi uliyochapisha kutoka ubalozini. Anasoma Timatic, hifadhidata ya masharti ya safari inayoendeshwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Shirika likimbeba abiria asiyeruhusiwa hutozwa faini na kumrudisha kwa gharama yake, kwa hiyo panapo shaka mhudumu atakukatalia, hata kama haki ni yako. Piga simu kwa shirika siku 7 kabla, siku 3 kabla na siku 1 kabla, umwombe akusomee kinachoonekana kwenye mfumo kwa pasipoti yako na njia yako. Piga picha ya ukurasa wa masharti ikiwa na tarehe.

Kwa nini mara tatu? Kenya ilitangaziwa tarehe 2 Aprili 2021 kwamba ingeingia tarehe 9 kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, ya nchi ambazo waliotoka huko walilazimika kukaa karantini ya hoteli. Waliokuwa likizoni Mombasa na Nairobi walikuwa na wiki moja ya kugombea viti. Novemba mwaka huo, Afrika Kusini na majirani zake walitangaziwa jioni ya tarehe 25, sheria ikaanza mchana wa tarehe 26.

Hatua ya 2: Nunua tiketi itakayovunjika vizuri

Wakati wa kawaida tunatafuta tiketi ya bei ndogo. Wakati wa mlipuko tafuta ile ambayo ikivunjika hutaachwa njiani.

Safari nzima iwe kwenye namba moja ya uhifadhi. Ukinunua Mwanza–Nairobi kwa shirika moja na Nairobi–Doha–Manchester kwa jingine ili kuokoa dola 120, ndege ya kwanza ikifutwa shirika la pili litakuandika kuwa hukufika. Halina deni na wewe. Pia mzigo wako hautapelekwa hadi mwisho, itabidi utoke Nairobi uuchukue, na hapo umeingia Kenya pamoja na masharti yake. Kumbuka Agosti 2020: Kenya ilifungua anga tarehe 1 bila kuiweka Tanzania kwenye orodha ya wasiohitaji karantini, Tanzania ikajibu kwa kuzuia Kenya Airways, na zuio likaondolewa tarehe 16 Septemba. Mwenye tiketi mbili zilizounganishwa kwa mkono alipoteza moja.

Soma daraja la nauli. Maneno "kubadilisha tarehe ni bure" maana yake hutozwi ada ya kubadilisha. Tofauti ya nauli unalipa, na msimu ukiwa na msongamano tofauti hiyo huweza kuzidi nauli uliyolipa mwanzo. Muulize muuzaji swali hili kwa maneno haya: nikibadilisha, nalipa tofauti ya nauli? Nikighairi mimi mwenyewe, nini kinarudi? Mkifuta ninyi, nini kinarudi, na kinarudi kwa nani?

Hilo la mwisho lina uzito. Ukinunua kwa wakala, shirika hurejesha fedha kwa wakala, naye hukurudishia akikata ada yake, kwa wakati wake. Mwaka 2020 mawakala wadogo wengi walikuwa wamefunga ofisi fedha zikiwa njiani. Kununua moja kwa moja kwa shirika huongeza dola chache na huondoa mtu mmoja wa kubembeleza. Lipa kwa kadi ya benki ya Visa au Mastercard ikiwezekana: huduma isipotolewa unaweza kuiomba benki yako idai fedha zirudi, kwa kawaida ndani ya siku 120. Aliyemtumia wakala fedha kwa simu hana mlango huo.

Kituo cha kupitia kichague kwa idadi ya ndege zake. Njia yenye ndege mbili kwa siku ikifutwa moja unasubiri saa kumi na mbili. Njia yenye ndege mbili kwa wiki unasubiri siku tatu, na kipimo chako hakitasubiri nawe.

Hatua ya 3: Saa ya kipimo

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, na kosa huwa la hesabu. Sharti la "saa 72" halina maana mpaka ujue mambo mawili: saa zinaanza kuhesabiwa lini na zinaishia wapi. Karibu kila nchi ilianza kuhesabu tangu sampuli ilipochukuliwa puani, si tangu majibu yalipotoka. Mwisho ndio ulitofautiana: kuondoka kwa ndege ya kwanza, kuondoka kwa ndege ya mwisho inayoingia nchini humo, au kufika.

Chukua safari ya Nairobi–Dubai–London ya kiangazi. Ndege inaondoka Jumapili saa 10:40 alfajiri (tiketi inasema 04:40). Ya pili inaondoka Dubai 14:30 saa za huko, ambazo ni saa 7:30 mchana Nairobi. Inatua London 19:00 saa za huko, sawa na saa 3:00 usiku Nairobi.

Sharti likiwa saa 72 kabla ya kuondoka kwa mara ya kwanza, sampuli yoyote baada ya Alhamisi saa 10:40 alfajiri inafaa. Likiwa saa 72 kabla ya ndege ya mwisho, ni baada ya Alhamisi saa 7:30 mchana. Likiwa saa 72 kabla ya kufika, ni baada ya Alhamisi saa 3:00 usiku. Aliyepimwa Alhamisi asubuhi amepita sharti la kwanza, kafeli mengine mawili. Ijumaa saa 2:00 asubuhi inayapita yote matatu, na maabara ikichelewa hata saa 36 majibu yanatoka Jumapili ikiwa bado haijaanza: Jumamosi saa 2:00 usiku.

Sasa punguza sharti liwe saa 48 kabla ya kuondoka. Sampuli ya Ijumaa saa 2:00 asubuhi bado inafaa, lakini inakufa Jumapili saa 2:00 asubuhi. Ndege ikichelewa zaidi ya saa tatu na dakika ishirini, cheti chako kimekuwa karatasi. Kwa masharti ya saa 48 tafuta maabara inayotoa majibu ndani ya saa 12 na upimwe Jumamosi asubuhi, hata kama huduma ya haraka inatozwa zaidi. Ziada hiyo ni ndogo kuliko nauli mpya.

Marekani iliandika sharti lake kwa siku, si kwa saa: kuanzia 6 Desemba 2021, kipimo kisichozidi siku 1 kabla ya kuondoka. Aliyesafiri Ijumaa wakati wowote aliweza kupimwa Alhamisi wakati wowote. Sharti la siku lina nafasi kuliko la saa, kwa hiyo soma neno lililotumika. Hilo liliondolewa 12 Juni 2022.

Mtego mwingine ni wa kwetu wenyewe. Ndege ya 00:35 ya tarehe 14 inakutaka uwanjani jioni ya tarehe 13. Anayehesabu kwa saa zetu huona "saa sita na nusu usiku tarehe 14" akapanga kipimo siku moja baada ya inavyotakiwa, au akafika uwanjani siku moja baada ya ndege kuondoka. Kwa mambo ya ndege na maabara, andika kila kitu kwa saa 24 na useme "usiku wa kuamkia tarehe 14".

Jambo linalowakuta waliopona: kipimo cha PCR huweza kuendelea kuonyesha mabaki ya virusi kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Ukiwa uliugua hivi karibuni, jipime mapema kwa fedha yako siku 10 kabla ya safari ujue unasimama wapi. Baadhi ya nchi hupokea ushahidi wa kupona badala ya kipimo. Marekani ilipokea cheti cha kukutwa na virusi cha ndani ya siku 90 pamoja na barua ya daktari inayoruhusu safari. Barua hiyo ichukue ukiwa bado unamkumbuka daktari naye anakukumbuka.

Vituo vingine vilidai kipimo cha pili uwanjani. Dubai mwaka 2021 ilitaka abiria kutoka nchi kadhaa za Afrika wapimwe tena kwa haraka ndani ya saa 6 kabla ya kuondoka. Maana yake unafika uwanjani saa 6 kabla, si 3, na ukikutwa na virusi unageuka na mabegi yako. Desemba mwaka huo Dubai ilisimamisha abiria kutoka Nairobi, na Januari 2022 Kenya ikajibu kwa kuzuia ndege za abiria kutoka Falme za Kiarabu.

Hatua ya 4: Karatasi zenyewe

Cheti kikaguliwe ukiwa bado maabara. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed ni watu wawili kwa mhudumu wa kaunta. Kiwe na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, aina ya kipimo, tarehe na saa ya kuchukua sampuli, tarehe na saa ya majibu, jina la maabara, na msimbo wa QR unaofunguka. Uskani kwa simu yako palepale. Kenya ilienda mbali zaidi ikataka vyeti vipitishwe kwenye mfumo wa Trusted Travel wa Umoja wa Afrika na kupewa namba ya TT. Maabara isiyokuwa kwenye mfumo huo ilitoa cheti sahihi kisichokubalika.

Cheti kiwe kwa lugha inayokubalika unakokwenda. Kilichoandikwa kwa mkono kikatae.

Kuhusu chanjo, kuchanjwa hakutoshi. Julai 2021 Umoja wa Ulaya ulipoanzisha cheti chake cha kidijitali, AstraZeneca iliyotengenezwa India kwa jina la Covishield haikuwamo kwenye orodha ya mdhibiti wa dawa wa Ulaya. Hiyo ndiyo iliyoletwa Kenya na Uganda kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Kila nchi ya Ulaya ikaachiwa iamue yenyewe, na nyingi baadaye zikaikubali. Saudia nayo ilizikubali Sinopharm na Sinovac kwa sharti la dozi ya nyongeza ya chanjo iliyo kwenye orodha yake. Angalia jina la chanjo, mtengenezaji, idadi ya dozi, na siku zinazotakiwa kupita baada ya dozi ya mwisho, ambazo mara nyingi zilikuwa 14.

Kadi ya homa ya manjano huanza kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 11 Julai 2016 ni ya maisha. Ukikutana na ofisa anayedai imeisha baada ya miaka 10, mwombe kwa upole amwite mkubwa wake. Kadi za kununua vichochoroni ziache. Zinagundulika, na ukichomwa sindano mpakani bado utasubiri siku zako 10.

Hatua ya 5: Bima, na maneno madogo ndani yake

Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Watu hununua ya bei ndogo inayotosha viza wakadhani wamekingwa. Bima hiyo kwa kawaida hulipa hospitali tu. Hailipi hoteli ya karantini, hailipi tiketi mpya, hailipi safari uliyoghairi kwa woga.

Muulize muuzaji mambo manne, ajibu kwa maandishi. Ugonjwa huu wa mlipuko umetajwa kama unaolipiwa au kama usiolipiwa? Tukio lililojulikana kabla ya siku ya kununua linaondolewa? Serikali ikionya raia wasiende huko, bima inakufa? Karantini bila kuugua inalipwa, kiasi gani kwa usiku na kwa siku ngapi? Kipimo cha kulinganishia kipo: Julai 2020 Emirates ilitoa bure kwa abiria wake kinga ya matibabu ya hadi yuro 150,000 na yuro 100 kwa kila siku ya karantini, mwisho siku 14. Bima unayouziwa ikitoa chini ya hapo kwa bei ya juu, endelea kutafuta.

Hakikisha pia kusafirisha mwili kumo. Hakuna anayependa kuuliza, lakini familia isiyokuwa nayo huishia kuchangishana.

Hatua ya 6: Akiba ya safari ikigeuka

Tenga mafungu mawili yasiyogusana. La kwanza ni la yaliyo ya hakika: nauli, viza, vipimo vya kwenda na vya kurudi (cha kurudi utalipia kwa bei ya huko, ambayo Ulaya na Marekani ilikuwa kubwa), fomu na ada za uwanjani, usafiri wa kwenda maabara mara mbili.

La pili ni la yatakayotokea ukikwama. Hii ni hesabu ya mtu mmoja kwa bei za mfano, weka zako:

Malazi usiku 14 × dola 60 = 840
Chakula siku 14 × dola 20 = 280
Vipimo 3 × dola 80 = 240
Tofauti ya nauli = 400
Data, simu na teksi = 100
Jumla dola 1,860

Kama fungu hilo huna wala huna ndugu wa kulikopesha kwa simu moja, ahirisha safari isiyo ya lazima.

Kuna hasara zisizolipwa kwa fedha taslimu papo hapo. Ada ya viza hairudishwi ndege zikisimama, na viza ikiisha unaomba upya na kulipa upya. Ya Schengen ilikuwa yuro 80 wakati wa UVIKO-19, na tangu Juni 2024 ni yuro 90. Pasipoti yenye chini ya miezi 6 ifanyie kazi kabla ya yote, kwa sababu ofisi hufungwa kipindi cha mlipuko. Kwa wanaofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, ukaazi kwa kawaida hufutika ukikaa nje zaidi ya miezi 6. Nchi hizo ziliwahi kulegeza wakati wa UVIKO-19, lakini usiipangie likizo ya nyumbani kwa kutegemea huruma hiyo. Mwambie mwajiri akuandikie barua kabla hujaondoka.

Dola za kulipia uwanjani ziwe noti mpya na safi, maana za zamani hukataliwa. Benki ijulishwe unasafiri, kadi isije ikafungwa ukiwa mbele ya kaunta ya hoteli ya karantini.

Siku yenyewe

Beba kila cheti mara mbili kwenye karatasi na mara moja kwenye simu, nje ya intaneti. Simu ijae chaji. Fika saa 4 kabla, au 6 kama kuna kipimo cha uwanjani. Dawa za kila siku za wiki tatu ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari, kwa sababu mzigo unaweza kufika na wewe ukapelekwa kwingine.

Ukifika na kutozwa kipimo au karantini, ujue kwamba Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, kifungu cha 40, zinasema msafiri asitozwe kwa uchunguzi wala karantini, isipokuwa anayekwenda kutafuta ukaazi. Nchi chungu nzima zilitoza hata hivyo. Usikipeleke kifungu hicho kaunta saa nane za usiku. Lipa, dai risiti yenye jina lako.

Mambo yakiharibika

Ukikataliwa kupanda, usiondoke kaunta bila maandishi ya sababu. Bila hayo bima haitakusikiliza na shirika litaandika kwamba hukufika. Omba pia wakuhifadhie tiketi ya kurudi, kwa sababu mifumo mingi hufuta safari yote abiria asipotumia kipande cha kwanza.

Shirika likifuta ndege, litakupa vocha kwanza. Kuipokea ni hiari pale sheria inapokupa fedha. Ndege inayoondoka nchi ya Umoja wa Ulaya, au inayokwenda huko kwa shirika la Ulaya, iko chini ya kanuni ya 261 ya mwaka 2004: fedha zirudi ndani ya siku 7. Kwa hiyo Dar–Amsterdam kwa KLM imo. Dar–Istanbul–Paris kwa Turkish Airlines haimo. Ndege zinazokwenda au kutoka Marekani, hata za mashirika ya kigeni, zikifutwa fedha hurudi. Novemba 2022 wizara ya uchukuzi ya huko ilitangaza kwamba mashirika sita yamerejesha zaidi ya dola milioni 600. Ukiipokea vocha, soma kama tarehe ya mwisho ni ya kuhifadhi safari au ya kuwa umeshasafiri. Tofauti yake huweza kuwa mwaka mzima.

Mpangilio wa kudai ni huu: siku ya kwanza, barua pepe kwa shirika ukitaja namba ya uhifadhi, tarehe ya kufutwa na neno "fedha, si vocha". Siku ya 14, ikumbushe na nakili kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika. Siku ya 30, nenda benki na nakala za barua hizo uombe idai fedha kupitia kadi. Usisubiri shirika likujibu ndipo uende benki. Siku 120 huenda kasi, na majibu ya "tunashughulikia" hayazisimamishi.